Ganda la Bunduki ya Gibson

Cheka tu, meno ni yako. Lakini Wakio ni rafiki yangu tangu utotoni, na hajawahi kunidanganya hata bei ya kitunguu.

Simba alikuwa akimmalizia mbuzi kule Kishushe. Mumewe Gibson alikufa akamwachia bunduki kuukuu ya kuwindia, bila risasi hata moja. Kibali anacho, basi akaipeleka Voi kwa Fuad, muuza bunduki.

Fuad akachungulia mtutu. "Mama Valentine, maandishi ya kipimo yamefutika. Nikikupa risasi ya kubahatisha, itakulipukia usoni."

"Kwa hiyo simba nimpige na mwiko?"

"Niachie bunduki hapa, nitaifungia kabatini. Nenda nyumbani ukanitafutie ganda la risasi zake za zamani, nilipime."

Akarudi. Chumba cha marehemu hakina dirisha, hata mchana ni giza. Wakio akapiga magoti, akapapasa chini ya kitanda, akapata vumbi. Ndipo akasikia kitu cha shaba kikibingirika kwenye sakafu ya simiti, polepole, kikitoka pembeni kabisa, mpaka kikamgusa goti.

Akakiokota. Lilikuwa ganda la risasi, bado lina moto, linanuka baruti.

Akawaza mbuzi waliobaki. Akalifunga kwenye pindo la leso, maana ndilo alilofuata, akatoka, akaufunga mlango. Huko ndani ganda la pili likaanza kubingirika.