Sanduku la Inchi Ishirini

Jumamosi ile duka la vifaa vya umeme lilifurika watu, kila mmoja ameegemea kaunta na kumwita muuzaji kana kwamba yuko peke yake. Mkaguzi wa umeme wa majengo alikuwa amefuata taa ya sebuleni kwake tu. Siku ya mapumziko, gauni la rangi ya machungwa, viatu vya wazi. Kazini mafundi walimwita Bi Futi, maana hakuamini jicho la mtu mpaka atoe futi yake ya chuma apime mwenyewe. Hata siku ile futi ilikuwa mkobani.

Mbele yake alisimama fundi mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi vizuri, ila buti zimejaa vumbi la saruji. Amekumbatia sanduku la bati, lile la kufungwa ukutani ambamo nyaya nene huvutwa kutoka bomba moja kwenda jingine.

"Hilo ni la bomba la inchi ngapi?" Swali likamponyoka Bi Futi.

Fundi akageuka, akamtazama kuanzia viatuni mpaka kichwani. "Tatu. Kwani dada unauza hapa au unanunua?"

"Nanunua. Nyaya zinaingia huku na kutokea upande wa pili, moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

"Basi hilo dogo." Akatoa futi, akapima. "Inchi kumi na nane. Tatu mara nane ni ishirini na nne. Huo ndio urefu unaotakiwa."

"Mara nane yote hiyo ya nini?"

"Waya mnene haukunjiki kama kamba ya kiatu. Ukiulazimisha kwenye sanduku dogo, ganda linachubuka ndani, na hamtajua mpaka siku ukuta unapotoa moshi."

"Na nyaya zikikata kona?"

"Bomba kubwa mara sita, halafu unajumlisha mabomba mengine ya upande huohuo."

Fundi akajikuna kidevu. "Hiyo ya kona haijaniingia. Nipe namba yako, nikifika konani nikupigie."

Waliokuwa nyuma yao wakacheka. Bi Futi naye akacheka, na namba akaitoa.

Simu ikalia jioni ileile.

"Nimefika konani."

"Kona gani?"

"Ya mtaa wetu. Nashindwa kukata, niende nyumbani au nije nikuone."

Wakaanza hivyo. Kila adhuhuri, popote alipokuwa, fundi alipiga kuuliza neno moja, "Umekula?" Akijibiwa bado, alikaa kwenye simu mpaka asikie kijiko kinagonga sahani. Ikapita miezi kumi. Mama yake fundi akazoea kumwita Bi Futi mkwe wangu, akawa anampigia yeye kwanza kabla ya mwanawe.

"Nimeongea na mama," fundi alimwambia siku moja. "Likizo yako ikianza, nakuja kwenu na wazee."

"Wajiandae. Baba yangu akianza maswali hamalizi."

"Nitajibu yote, mpenzi. Hata ya kona nimeshaielewa."

Wiki tatu kabla ya likizo, ofisi ikamtuma Bi Futi akague jengo jipya la hospitali ya wazazi. Alijua kuwa fundi mkuu wa umeme pale ni mchumba wake. Ilimpasa amwambie bosi ampeleke mtu mwingine. Hakusema, kwa kuwa alitaka kumwona akiwa kazini.

Alimkuta kwenye ukumbi wa chini, kando ya ukuta ambao ulikuwa bado haujapigwa plasta. Fundi alipomwona alishtuka, na Bi Futi akadhani ni furaha. Akafungua kifuniko cha sanduku. Upande mmoja liliingia bomba la inchi nne na jingine la inchi tatu, na nyaya zikakata kona kutokea juu. Akapiga hesabu kimoyomoyo. Nne mara sita, ishirini na nne, na tatu, ishirini na saba. Akavuta futi. Ishirini. Ndani nyaya zilikuwa zimesongamana, moja ganda limeshachubuka.

"Hili aliliidhinisha nani?" akauliza.

Kabla fundi hajafungua kinywa, mkandarasi akasogea na tabasamu. "Bi mkaguzi, tusisumbuane. Wewe si mtu wa nyumbani? Fundi alishatuambia ukaguzi hautakuwa na shida, ana mtu wake huko ofisini."

Bi Futi akahisi masikio yanawaka moto. Vibarua walikuwa wameacha kazi, wanatazama.

"Kumbe ndiyo sababu ulinitafuta," akamwambia fundi mbele ya wote.

Fundi akamtazama, akamtazama mkandarasi, akawatazama vijana wake sita. "Si hapa," akasema taratibu. "Jioni nitakupigia, nitakueleza."

"Nieleze sasa hivi."

"Siwezi sasa hivi."

Jioni alipiga mara saba. Bi Futi aliketi kitandani akaitazama simu ikilia, kisha akaifunga namba ile isipite tena. Kesho yake aliandika ripoti. Sanduku ling'olewe. Fundi mkuu asisimamie kazi yoyote mpaka achunguzwe. Leseni ya fundi ikasimamishwa mwaka mzima. Mama yake fundi alipopiga, Bi Futi hakupokea.

Mwaka ukapita, na miezi mingine juu yake. Siku mama wa mapokezi alipostaafu, ofisi ilimwandalia chai. Akamvuta Bi Futi pembeni, wakawa wanakumbushana yaliyopita.

"Yule mchumba wako nilimpenda bure," mama yule akasema. "Mtu anaripoti kazi yake mwenyewe. Wangapi wana roho hiyo?"

"Kuripoti nini?"

"Lile sanduku la hospitali. Siku moja kabla hujaenda, alipiga simu. Akasema mkandarasi kalazimisha sanduku dogo na anataka kuziba ukuta, tutume mkaguzi haraka. Jina alikataa kutaja, alisema vijana wake watafukuzwa. Lakini sauti ile ningeikosaje, si ndiye aliyekuwa anakuulizia hapa kila simu yako isipopatikana? Nilidhani unajua, mwanangu."

Bi Futi aliweka kikombe chini. Hakumbuki alivyofika nje.

Ilimchukua siku nne kumpata fundi. Alikuwa kwenye jengo la kiwanda cha uchapishaji, chini ya msimamizi mdogo kwake kwa umri. Alikuwa amekonda kidogo. Shati bado limenyooshwa. Alipomwona alivua glavu, akamvutia kiti cha mbao, akakipangusa vumbi.

"Nimejua wiki hii," Bi Futi akasema. "Kwa nini hukunipigia mimi, ukapiga ofisini?"

"Ningekupigia wewe, wangesema umependelea. Nilitaka aje yeyote. Ukaja wewe."

"Ungesema palepale."

"Vijana sita wana familia. Nilijua nina jioni ya kukueleza kwamba mkandarasi alisikia tu nina mchumba ofisini kwenu, mengine akatunga."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. "Nisamehe. Twende kwa mama leo, nimwombe radhi na yeye. Tuanze upya."

Nyuma ya fundi mwenzake aliita, naye akanyoosha mkono kumwambia asubiri.

"Nimekusamehe siku nyingi," akasema. "Usilie. Lakini mwaka ule nilipokaa bila kazi, kilichoniuma si leseni. Ni kwamba ulimwamini mtu uliyemwona mara moja, mimi ukanipa dakika moja. Nikiishi nawe nitakuwa naisubiri dakika ile irudi. Sitaki kuishi nawe hivyo."

Bi Futi alisimama, akakiweka sawa kitambaa cha kichwani.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Bado anakuulizia."

"Unamwambiaje?"

"Namwambia uko kazini."

Akamsindikiza mpaka getini, wakatembea polepole bila kugusana. Palepale getini fundi akasita, akamtazama usoni.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani kuendelea na kazi.