Koti la Mama

Kila asubuhi Wavinya alimpigia mama yake shati la kazi pasi. Mama alikuwa askari wa kaunti mjini Machakos, wale ambao watu huwaita kanjo, na alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuwaondoa wachuuzi barabarani, alipita kwanza bila koti la kazi, akawasalimia na kuwaomba wahame wenyewe. Baadaye alirudi amelivaa. Koti likionekana, kila mtu alijua muda umekwisha.

Jumamosi moja mama alikuwa amepumzika nyumbani. Wavinya, aliyependa kuchekesha wenzake kuliko kula, alilichukua koti hilo kimyakimya, akalivaa na kwenda barabarani na rafiki yake Kamene.

"Kanjo wamefika!" alipaza sauti. "Toeni vitu!"

Wachuuzi walitimua mbio. Bibi Mbula, muuza nyanya, alijitwika karai lake, akajikwaa, na nyanya zote zikamwagika mtaroni. Kamene alicheka. Wavinya alitaka kucheka pia, lakini mdomo ulikataa. Alirudi nyumbani akiwa ameona haya, asiweze hata kumtazama mama.

Jumatatu mama alirudi kutoka kazini amenyong'onyea.

"Leo nimepita bila koti, na watu wamekimbia vilevile," alisema. "Mbula ameniita mnafiki, eti Jumamosi koti lilikuja bila onyo. Sijui nimemkosea nini."

Wavinya angeweza kunyamaza.

"Ni mimi, mama. Nilivaa koti lako."

Mama hakumgombeza, na hilo lilimchoma zaidi. Jumamosi iliyofuata walichuma nyanya katika shamba lao la Kithimani, Wavinya akazipeleka yeye mwenyewe kwa Mbula.

"Ulimwaibisha mbele ya watu," mama alimwambia kabla hajaondoka. "Utamwomba msamaha mbele ya watu."

Wavinya alisema yote huku machozi yakimtoka. Wachuuzi walimkodolea macho. Alitamani ardhi immeze.

"Nyanya nimepokea, mwiitu, msichana wangu," alisema Mbula. "Lakini mama yako bado tunamwogopa. Keti hapa uuze na mimi. Watu wakikuona, watajua hajaja kufukuza mtu."

Wavinya aliketi hapo Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi siku mama alipopita bila koti na hakuna aliyekimbia. Mbula hata alimsogezea kigoda.

"Koti nilipewa kwa siku moja," mama alimwambia Wavinya wakirudi nyumbani. "Kuaminiwa na watu hawa kulinichukua miaka mingi. Mwanangu, usifanyie mzaha kitu ambacho mwenzako hulala na hofu kwa sababu yake."