Daktari Aliyekataa Ugali wa Valary

Japheth alikuwa anachoma dhahabu jikoni, mlango ukiwa umefungwa.

Wachimbaji wengi wa machimbo ya Macalder walifanya hivyo. Ukichomea nje, watu wanaona. Wakiona, wanajua uko na kitu. Kesho shemeji anakuja na shida zake. Keshokutwa jirani anakuja na shida kubwa kuliko za shemeji. Kwa hivyo unaingia jikoni, unafunga mlango, unachoma kimya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Japheth na wenzake walitoa mawe shimoni. Mawe yalisagwa mpaka yakawa unga. Valary, mke wake, aliosha ule unga kwa karai, halafu akatia zebaki. Zebaki ni ile maji ya fedha, nzito, ambayo wachimbaji wanaiita makuri. Inashika dhahabu, vinakuwa donge moja dogo. Donge linawekwa kwa kijiko, kijiko kinawekwa kwa makaa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki.

Zebaki inapaa inaenda wapi? Hakuna mtu aliuliza.

Siku moja ya Januari, Japheth alikuwa ametoka tu kuchoma. Shimo lilikuwa limejaa maji wiki nzima, kwa hivyo walikuwa wameosha mchanga wa zamani. Valary alisonga ugali kwa makaa yaleyale. Alikuwa na mimba ya miezi miwili. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka uliopita, na hii walikuwa wameificha hata kwa ndugu.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Daktari Caren. Huyu hakuwa daktari wa kukaa tu ofisini akingoja wagonjwa. Kazi yake ilikuwa afya ya umma, yaani kutafuta ugonjwa mahali unapoanzia. Alitembea nyumba kwa nyumba na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, akichungulia visima na vyoo vya watu. Alizaliwa Ndhiwa, upande wa Homa Bay, akaolewa huku Nyatike. Watu walimwita nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa.

"Karibu, daktari," Valary akasema. "Umekuja saa nzuri. Ugali iko tayari, na omena za ziwa."

Daktari alifika mlangoni, akasimama hapo hapo. Aliangalia kile kijiko cheusi. Akaangalia ukuta.

"Asante, mama. Sitakula."

"Kidogo tu."

"Hata kidogo, mama. Nisamehe."

Kwa nyumba ya Mjaluo, mgeni akikataa chakula ni kama amekutukana na watu wanasikia. Japheth akasimama.

"Kwani ugali yetu iko na nini? Sisi watu wa shimo tunanuka?"

"Ugali ya mke wako haina neno. Ni hii jikoni iko na neno. Tokeni nje nyote wawili, tafadhali."

Walitoka. Japheth alitoka kwa hasira.

"Nyosha mikono," daktari akamwambia.

Akanyosha. Vidole vilikuwa vinatetemeka kidogo, kama vya mtu amekunywa chai nyingi.

"Hiyo ni nyundo," Japheth akasema haraka. "Kila mtu wa shimo anatetemeka."

"Shimo lenu limejaa maji wiki nzima. Nyundo umeishika wapi?"

Japheth alishusha mikono.

"Usingizi je? Kichwa?"

"Usingizi hana," Valary akajibia. "Na siku hizi anafoka bure. Hata kuku amefokea."

"Valary!"

"Si ni ukweli? Jogoo alikukosea nini?"

Daktari alicheka kidogo, halafu akawa mkali. "Sikizeni. Zebaki ikipata moto inageuka hewa. Huioni, haina harufu. Unaivuta, inaingia kwa damu, inaenda kwa ubongo na figo. Ile hujavuta inashika ukuta na paa, halafu inarudi chini polepole. Inarudi kwa sufuria. Inarudi kwa unga. Na mama mjamzito akivuta, inamfikia mtoto tumboni."

Valary akashika tumbo. Hakuwa amepanga kulishika. Mkono ulienda wenyewe.

"Miezi mingapi, mama?"

"Miwili." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile ya kwanza ilitoka. Ni mimi niliitoa? Ama ni kile kijiko?"

"Sijui," daktari akasema. "Na hakuna mtu anaweza kujua sasa. Mimba hutoka kwa sababu nyingi, kwa hivyo usijibebeshe hiyo. Lakini hii bado iko. Hii tunaweza kuilinda."

Akawapangia kazi. Valary asiguse zebaki tena, na asipikie humo ndani hata siku moja. Aanze kliniki wiki hiyo hiyo. Wote wawili watoe mkojo upelekwe maabara. Japheth asichome tena kwa kijiko. Kuna chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba. Hewa ya zebaki inapita kwa bomba, bomba linapita kwa maji baridi, zebaki inarudi kuwa maji unaichota tena. Hata hicho chungu kinatumiwa nje, mbali na watoto na wajawazito.

"Nikichomea nje watu wataona," Japheth akasema.

"Waone! Unaogopa shemeji kuliko unavyoogopea mtoto?"

Hilo lilimkaa Japheth kichwani siku tatu.

Majibu ya mkojo yalikuja. Ya Japheth yalikuwa mabaya. Ya Valary yalikuwa afadhali, lakini si mazuri. Siku hiyo hiyo Japheth alifunga ile jikoni, akamjengea Valary meko upande mwingine wa boma, chini ya mabati mawili. Akaenda kwa Abdihakim, mwenye hadwea, duka la misumari na mabomba, pale sokoni. Abdihakim akamtafutia bomba, akamwonyesha fundi wa kuchomelea. Chungu kilitoka kibaya kwa sura lakini kizima.

Sasa ikabaki kitu kimoja. Japheth alikuwa ameacha, lakini majirani hawakuwa wameacha. Jioni, kila jikoni ya mtaa ule ilikuwa imefungwa mlango, na hewa haina mpaka. Valary alikuwa anakaa katikati yao na tumbo lake.

Halafu Februari ikaja na habari mbaya. Aliyeileta ni Ogeto, mkubwa wa shimo, mtu wa mdomo.

"Omera, ndugu yangu, daktari wako ameacha kazi! Anataka kiti ya MCA." MCA ndiye mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti. "Nilikwambia. Hawa wote ni wamoja. Alikuwa anaangalia choo yako akihesabu kura."

Japheth alienda moja kwa moja mpaka kwa daktari. Alimkuta anaanua nguo.

"Daktari, umetutoroka."

"Karibu, Japheth. Na wewe hujambo?"

"Mke wangu iko na miezi tatu na wewe unaenda siasa! Kliniki atamwona nani?"

"Nesi yuko, na daktari mwingine ameshafika. Sheria inasema mtu wa serikali akitaka kugombea, lazima aache kazi kwanza. Kwa hivyo nimeacha." Aliweka nguo kwa beseni. "Sasa niulize ile swali umekuja nayo."

"Kwa nini?"

"Nimepima watu wa hapa miaka sita. Namtibu mtu, anarudi kwa ileile hewa, anarudi kwangu. Dawa yangu inaishia mlangoni mwa jikoni yenu. Mnahitaji kibanda ya kuchomea, iko na bomba refu la kutoa hewa, mbali na nyumba, na vile vyungu vya chuma. Hiyo haiwezi toka kwa sindano. Inatoka kwa bajeti ya kaunti."

"Basi ungewaambia."

"Nimeandika barua. Wakanijibu vizuri: bajeti inapangwa kwa maoni ya wananchi, kwa mkutano wa wadi. Nikaangalia daftari ya mikutano. Wakulima walikuja wakapata daraja. Watu wa samaki walikuja. Watu wa shimo, miaka sita, hakuna hata mmoja. Hata wewe."

Japheth alijikuna kichwa. Sababu aliijua. Sheria ya shimo ni kwamba mawe yanagawanywa pale pale shimoni, karai kwa karai, kwa wale wamesimama hapo. Kama haupo, hupati. Ugonjwa, mkutano, kesi, hakuna anayeuliza. Kwa hivyo mchimbaji haendi popote.

"Na tukienda," akauliza, "wewe wa nini tena?"

"Swali nzuri. Mkutano unaandika maombi. Bunge la kaunti ndio linapitisha bajeti. Karatasi inaweza kulala njiani. Mimi nataka kuwa mtu wa kusimama huko ndani na kuuliza imelala wapi. Usinipe kura kwa sababu nilikupima. Nipe ukiona nitauliza. Na nikinyamaza, niondoe."

"Nitakuondoa," Japheth akasema. Alimaanisha.

Mkutano wa maoni ulikuwa Machi, siku ya Alhamisi. Alhamisi ilikuwa siku ya kugawanya mawe.

"Nitaenda mimi," Valary akasema.

"Na hiyo tumbo?"

"Si ndio yenyewe iko na shida? Acha iende ijiongelee."

Japheth aliona aibu, akaamua kwenda mwenyewe. Asubuhi alisimama mbele ya shimo, wenzake kumi na tisa wakimwangalia, akasema watu watano waende mkutano na karai zao ziwekwe.

"Hapana," Ogeto akasema. "Sheria ya shimo ni sheria. Leo mkutano, kesho utaniambia harusi."

"Ogeto, nyosha mikono."

"Unataka kunipima? Wewe ni nyar Ndhiwa?"

Watu wakacheka sana.

"Nyosha tu, mkubwa. Kama wewe ni mzima, mimi nanyamaza naingia shimo."

Ogeto alinyosha mikono kwa dharau. Ilitetemeka kuliko ya Japheth. Alijaribu kuikaza, ikazidi. Vicheko vikaisha kimoja kimoja. Mwingine akatazama yake. Mwingine akaificha kwa mfuko. Ogeto aliingiza mikono kwapani.

"Karai tano za mkutano ziwekwe," akasema. "Na moja yao ni yangu."

Wale watano waliingia ukumbini na vumbi lao lote. Daktari Caren alikuwa amekaa nyuma kama mwananchi mwingine. Japheth aliposimama, karatasi ilicheza mkononi mwake mpaka ikapiga kelele. Akaiweka chini.

"Mimi sikusoma sana," akasema. "Hii mikono yangu ndio barua. Sisi tunachomea zebaki kwa nyumba tunapolala. Tunataka kibanda, mbali na nyumba na mbali na mto. Andika hivyo."

Karani akaandika. Japheth alikataa kukaa mpaka asomewe kilichoandikwa. Akasomewa.

Kampeni zilikuja na kelele zake. Daktari hakugawa unga wala leso. Watu wakamwambia hajui siasa. Wengine wakasema arudi kwao Ndhiwa. Yeye alifika kila kituo akiuliza kitu kimoja: ni nini kinawaletea ugonjwa hapa, na kinaanzia wapi? Agosti alishinda kwa kura chache sana, zile mtu anahesabu mara mbili. Valary hakupanga foleni siku hiyo. Alikuwa wodini tangu alfajiri, na kabla vituo havijafungwa alizaa msichana wa kilo tatu, mwenye sauti. Walimwita Hawi.

Kibanda hakikuja haraka. Usidanganywe. Karatasi ililala kweli, mara mbili. Ogeto na Japheth walienda ofisi ya wadi kuuliza, Daktari, sasa MCA, akasimama bungeni kuuliza. Mwaka uliofuata ndipo mafundi walikuja. Kilijengwa juu ya kilima kidogo, na bomba refu, na vyungu sita, na mlango ambao wajawazito na watoto hawaruhusiwi kupita. Hakuna tena aliyeficha. Wote wanachomea pale, na shemeji wote wanaona. Mwalimu mmoja ameanza kuwafundisha kuosha dhahabu bila zebaki kabisa. Hiyo bado wanajifunza.

Ile jikoni ya zamani ilibomolewa. Udongo wake ulizikwa mbali na kisima kama afisa wa afya alivyoonyesha, sufuria na kile kijiko vikaenda pamoja nao. Japheth alijenga nyingine, na dirisha kubwa.

Siku moja, mchana, sauti ikaita nje.

"Hodi hapa!"

Alikuwa Daktari Caren, na gambuti zilezile. Valary alikuwa anageuza ugali. Hawi alikuwa anatambaa mlangoni, ameshika nyanya.

Daktari aliinama akamwangalia mtoto vizuri, macho, mikono. Mikono ya Hawi ilikuwa imetulia kabisa. Ilikuwa inaikamua ile nyanya.

"Mama Hawi," daktari akasema, "sijala tangu asubuhi. Na harufu hii ni ya omena."

Valary aligeuka na mwiko mkononi. "Unataka chakula? Wewe? Na mimi leo nikikataa?"

"Nitakaa hapa mpaka ukubali."

Akaingia, akavuta kigoda, akanawa mikono. Valary alimwekea ugali kubwa kuliko ya Japheth. Daktari alikata tonge, akachovya mchuzi, akala. Valary alimtazama mpaka alipomeza, halafu naye akakaa.

Japheth alikuja kutoka shimoni, akawakuta. Mikono yake ilikuwa bado inacheza, lakini kidogo, na jogoo alikuwa hajafokewa miezi mingi.

"Daktari, kula," akasema. "Kula ushibe. Ukimaliza, kuna maneno ya maji ya kisima chetu. Tumeuliza ofisi ya wadi mara moja, hatujajibiwa."

Daktari alikata tonge lingine.

"Niongezee omena kwanza," akasema. "Naona tutakaa hapa sana."