Kwetu Hakuna Mirl

Jua lilikuwa linazama nyuma ya paa la sinagogi Zlata alipochukua ndoo kwenda kisimani. Mchota maji wa mji alikuwa amekufa kwa homa, kwa hiyo sasa kila nyumba ilijichotea.

Mama yake, Brayne, alimshika mkono mlangoni.

"Mtu akiulizia Mirl, utasemaje?" alinong'ona.

"Kwetu hakuna Mirl."

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa nani, mama."

Asubuhi ile wanaume walikuwa wamesimama mbele ya Torati wakambadilishia mdogo wa Zlata jina. Mirl, mtoto wa miaka mitano aliyelala nyuma ya jiko mwili ukimwaka moto, hakuwa Mirl tena. Sasa aliitwa Alte, yaani kikongwe. Ndivyo walivyofanya watu wa mji wa Kolodne dawa ziliposhindwa. Malaika wa Mauti hutumwa kwa jina. Akifika asimkute mwenye jina hilo, hurudi mikono mitupu.

Jirani yao, Bibi Peshe, alikuwa mlangoni kwake akimenya vitunguu.

"Zlata! Kikongwe wetu anaendeleaje?"

"Bado, Bibi."

"Jamani! Mtoto hajang'oka hata jino, tayari kikongwe. Na mimi niliyekula chumvi yote hii, marehemu mume wangu aliniita kifaranga mpaka anakata roho! Mwambie tubadilishane."

Zlata alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Mirl alipougua.

Kisimani hapakuwa na mtu. Upepo ulikuwa umetulia. Alishusha ndoo, gurudumu la kamba likalia... kriii... kriii... Kisha akasikia harufu. Manyoya ya kuku yaliyoloa.

Aliinua macho.

Mwanamke alikuwa amesimama upande wa pili wa kisima, shali imemfunika uso.

"Jioni njema, binti."

"Jioni njema, shangazi."

"Wewe si wa Brayne, yule mfuma soksi?"

Zlata aliendelea kuvuta kamba.

"Nimemkuta mtoto huku njia ya makaburini. Amepotea. Anasema anaitwa Mirl. Anasema kwao ni kwa Brayne."

Nyuma ya sketi yake kilichungulia kichwa kidogo. Gauni la kulalia. Miguu mitupu. Msuko uliofungwa uzi mwekundu, uzi ambao Zlata mwenyewe aliufunga mchana ule.

"Zlata," mtoto alisema. "Nina baridi."

Sauti ilikuwa yake. Hata kikohozi kilikuwa chake.

Kamba ilimteleza Zlata mkononi. Aliikamata tena.

"Kwetu hakuna Mirl," alisema.

Mtoto alicheka kidogo, kama anayedhani ni mchezo. "Mimi hapa! Nibebe."

"Una hakika?" mwanamke aliuliza. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka tu. "Asiyekuwa na kwao hata mimi siwezi kumpeleka ninakowapeleka wengine. Atabaki njiani. Sema, binti. Ni wenu?"

Zlata alimfikiria mdogo wake nyuma ya jiko. Akisema ndiyo, pale kitandani patakuwa na maiti. Na mama alishasema, hata akiwa nani.

"Kwetu hakuna Mirl."

Mwanamke aliuachia mkono wa mtoto. Akageuka, akaenda zake. Majani makavu hayakulia chini ya miguu yake.

Zlata alikimbia, maji yakimwagika mpaka kwenye viatu. Nyuma yake alisikia vijiguu vidogo.

Pa, pa, pa, pa.

"Zlata, nisubiri!"

Alijitupa ndani, akatia komeo.

"Njoo uone!" Brayne alikuwa analia na kucheka pamoja. "Homa imeshuka! Amekaa, anakula!"

Nyuma ya jiko mtoto alikuwa anatafuna mkate uliochovywa kwenye supu.

"Alte?" Zlata aliita.

Mtoto aligeuka mara moja, kana kwamba hajawahi kuwa na jina jingine. Alimtazama Zlata kama mgeni anavyotazamwa. Msukoni mwake hamkuwa na uzi.

"Mama, uzi wake uko wapi?"

"Uzi gani, wewe nawe! Mtoto amepona, unaulizia uzi!"

Mlango ukagongwa. Chini, pale mkono wa mtoto unapofikia.

"Zlata... fungua."

Brayne alimziba binti yake mdomo. "Ni hila za Malaika," alinong'ona. "Usijibu."

Nyuma ya jiko, mtoto aliendelea kutafuna.

Kila jioni mlango uligongwa. Alte alinenepa, hakuugua tena. Lakini wimbo aliokuwa akiimba na dada yake hakuujua, na hakuwahi kuomba kubebwa. Zlata alikwenda kwa rabi, akamweleza yote. Rabi alifunga kitabu chake.

"Anakula?" aliuliza. "Anapumua?"

"Ndiyo."

"Basi usiniulize zaidi, mwanangu," alisema, na hakumtazama usoni.

Theluji ikaanguka. Sauti ya mlangoni ikawa ndogo. Ilianza kusahau kusema "fungua". Kisha ikasahau kusema "Zlata". Ikabaki kugonga tu.

Jioni moja Brayne alipokuwa kwa Bibi Peshe, Zlata alishindwa kuvumilia. Akatoa komeo.

Mtoto alikuwa amesimama kwenye theluji, gauni lile lile, midomo imekuwa ya samawati.

"Mirl!" Zlata alipiga magoti, akafungua mikono. "Mirl, ingia! Ni mimi. Njoo nikubebe!"

Mtoto alimtazama. Kisha akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.

Hakukuwa na mtu. Akapita taratibu, akaenda kugonga mlango wa jirani.