Aliyebaki Juu ya Gari

Jumapili, alasiri. Chumba cha nyuma, kilabu cha Crewe.

"Tumbo," alisema Silas Crewe. "Nani atampekua mwanamke mwenye mimba?"

Mkewe, Hester, alijipiga tumbo. Nyasi kavu zikachakarika ndani ya mfuko aliojifunga kiunoni. Wote wawili walicheka. Tobias Rudge hakucheka.

Mpango ulikuwa mwepesi. Gari la farasi la kwenda mji wa Bath lingebeba kasha la vito la sonara mmoja, chini ya kiti cha dereva. Dereva ni Tobias. Kwenye kilima cha Cuddon abiria hushuka wakatembea ili kuwapunguzia farasi mzigo. Hata mlinzi huweka bunduki begani akasukuma magurudumu. Mjamzito hashuki. Hester, akiwa ndani, angeng'oa ubao wa nyuma ya kiti hicho, uliokwisha kulegezwa na Tobias, amwage nyasi zake sakafuni, kwenye nyasi ambazo abiria hupashia miguu joto, kisha kasha liingie tumboni.

"Wakigundua je?" Tobias aliuliza.

"Ndiyo maana utambakiza garini mtu mwingine pia. Maskini yeyote. Wakikuuliza, sema ukweli mtupu: huyo ndiye aliyebaki."

"Watamnyonga, Silas."

"Basi wakunyonge wewe? Chagua, mzee."

Tobias akainamisha kichwa, akanywa bia yake. Alikuwa ameshachagua, na alijichukia papo hapo.

Jumanne, saa nne asubuhi. Chini ya kilima.

Mvua. Matope. Abiria walishuka wakinung'unika. Juu ya paa, wanakokaa wasiomudu nauli ya ndani, baharia mmoja aitwaye Amos Treloar alianza kuuteremsha mguu wake wa mti.

"Kaa hapo hapo, bwana," Tobias alimwambia. "Mguu huo utazama."

"Na farasi je, nahodha?"

"Nusu mtu ana uzito gani?"

Amos alicheka mpaka akakohoa. "Mungu akubariki. Tangu nitoke vitani hakuna aliyenionea huruma." Akamega mkate wake na jibini, akampa nusu.

Tobias akala. Aliona haya kukataa, akaona haya zaidi kumeza. Chini yake ubao ulilia. Akawafokea farasi kwa sauti kubwa ili baharia asisikie.

Saa kumi na moja jioni. Bath.

Mlinzi mwenyewe alimshika Hester mkono akimteremsha. "Polepole, mama." Hester akashukuru, akaenda zake. Muda si muda sonara akapiga yowe: kasha halipo. Walimvamia Amos. Walidai amelirusha njiani kwa wenzake.

Wiki tatu baadaye. Mahakamani.

"Nani alibaki garini?" aliuliza jaji.

"Treloar, mheshimiwa. Juu, penye mizigo. Na ndani mama mmoja mjamzito."

Jaji alipunga mkono kumpuuza huyo mama. Tobias hakuwa amesema neno hata moja la uongo, na kila neno lilimchoma. Kule nyuma, Crewe alikuwa akitafuna tofaa taratibu.

Amos hakuwa na wakili. Mshtakiwa wa hivyo humhoji shahidi yeye mwenyewe. Aliinuka kwa gongo lake, pingu zikilia.

"Nina swali moja tu, mheshimiwa. Huyu ni mtu mwema, atawaambia." Akamgeukia Tobias kwa tabasamu. "Nahodha, niliomba kubaki mimi?"

Mkate ule ulimrudi Tobias kooni. Crewe aliacha kutafuna.

"Sema, mzee wangu. Shingo yangu iko mikononi mwako."

"Hukuomba. Nilikubakiza mimi."

"Mnasikia?" Amos aliwaambia wazee wa baraza. "Kwa huruma tu!"

"Si huruma." Tobias aliushika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. "Nilitafuta mtu wa kunyongwa kwa niaba yetu. Nikakuona wewe."

Crewe alikuwa ameshafika karibu na mlango.

"Mkamateni huyo mwenye tofaa," alisema Tobias. "Mkewe hana mimba. Na mimi nifungeni."

Wakamwangusha Crewe kizingitini. Alimtukania Tobias mama yake, baba yake na farasi wake. Askari akazivua pingu za Amos, akamfunga nazo Tobias. Bado zilikuwa na joto la mikono ya baharia.

Amos alipita akichechemea, karibu kabisa. Tobias alimngojea atukane, au ateme mate.

Amos alitazama mbele, akaenda. Hakumwita nahodha tena.