Mafuta Hayajaisha

Chamima aligonga kaunta kwa kopo tupu mpaka foleni nzima ikanyamaza.

"Sema tena," alimwambia karani. "Labda nimesikia vibaya."

Ilikuwa Januari ya mwaka 1974, dukani kwa Senhor Taveira, mjini Palma, enzi za Wareno, joto la kunata. Watu wapatao hamsini walikuwa wamejipanga na makopo na chupa zao tangu alfajiri. Karani, kijana mrefu aliyeitwa Abibo, alikuwa na wiki moja tu tangu aletwe kutoka Mocímboa. Shati lake jeupe lilikuwa limenyooshwa kwa pasi, kalamu nyuma ya sikio.

"Mafuta ya taa hakuna, dada. Na si hapa tu. Redio inasema mafuta yanaisha duniani. Waarabu wamefunga mabomba, na visima vyenyewe vinakauka. Wataalamu wamepiga hesabu: miaka thelathini, basi."

"Thelathini? Basi niuzie ya leo. Hayo mengine nitayadai nikizeeka."

Foleni ikaangua kicheko. Abibo alimtazama: koti la zahanati juu ya kapulana ya buluu aliyojifunga, msiro, ule unga mweupe wa urembo, umekaukia mashavuni, macho yanawaka. Akajikuta naye anacheka, na hilo likamuudhi Chamima zaidi.

"Usinichekee! Geleira, jokofu la zahanati, inakwenda kwa mafuta ya taa. Ikizimika, dawa zinaharibika. Utawaambia wagonjwa habari za Waarabu?"

Jioni Abibo alibisha hodi kwao na chupa mkononi. Ilikuwa lita moja, aliyoipunguza kwenye taa zake mwenyewe.

Hivyo ndivyo yalivyoanza. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja barazani kwa mama Mwanahamisi, mama yake Chamima, na gazeti kwapani, na hao wawili wakabishana mpaka mama akaingia ndani kwa kuchoka.

"Mpenzi, kila kinachochimbwa kina mwisho. Soma mwenyewe."

"Sijakataa. Nauliza kwa nini mwisho umeanzia Palma."

"Gazeti limechapwa Lisboa, Ureno kwenyewe, Chamima!"

"Ndiyo maana silisomi. Maji yakikupwa, nawe utaandika kwamba bahari imekwisha?"

"Una ulimi wewe."

"Na wewe unaupenda."

Aliupenda kweli. Alimpenda mpaka akawa anakosea hesabu dukani.

Mwezi Machi geleira ilikuwa imezimika wiki tatu. Ndipo akaletwa Verónica, mwanamke wa Kimakonde kutoka kijiji kilichozungushiwa seng'enge, ambako serikali iliwakusanya watu wa bara ili wasiwalishe wapiganaji wa Frelimo, waliopigania uhuru. Alikuwa amekanyaga msumari. Taya zilikuwa zimekaza, mgongo umepinda kama upinde. Domingos, muuguzi mkuu, alifungua kichupa cha dawa ya pepopunda, akakiinua kwenye mwanga. Dawa ilikuwa imeganda mabonge.

"Kimbia kambini," alimwambia Chamima. "Waombe wanajeshi. Waambie hata kichupa kimoja."

Chamima alikimbia. Langoni mwa kambi alikuta lori la Senhor Taveira linashusha mapipa, na kando yake amesimama Abibo na karatasi, kalamu mkononi. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa kali mpaka ikamkereketa koo.

"Haya ni nini?"

Abibo aliikunja karatasi. Mpishi wa kambi ndiye aliyejibu, akicheka: "Ya geleira za maofisa, menina. Bia ya moto nani atakunywa?"

"Ulijua tangu lini?" Chamima alimuuliza Abibo.

"Wiki mbili. Senhor alisema nikifungua mdomo nitafungwa kama mtu wa Frelimo. Lakini habari za dunia sikukudanganya, nilisoma kwa…"

"Dunia! Nani alikuuliza dunia? Kuna mtu anakufa kwa ajili ya bia, nawe unasimama hapa kutia saini!"

Kambini alinyimwa dawa. Verónica alifariki kesho yake adhuhuri, Chamima amemshika mkono. Abibo alipokuja kutoa pole, alimkuta anachana magazeti aliyomletea vipande vipande, naye akamrushia usoni.

"Nisamehe, mpenzi."

"Usiniite hivyo. Wale unaowadanganya wako kwenye foleni. Nenda ukawaambie!"

Jumatatu Abibo alipanda juu ya kaunta. Sauti yake ilifika mpaka mtu wa mwisho.

"Mafuta hayajaisha! Ghala la nyuma lina mapipa kumi na manne ya maofisa. Ufunguo huu hapa!"

Watu waliingia kwa kelele za hasira. Walikuwa wamekwisha kujaza makopo zaidi ya mia pale sipai, askari wa serikali, walipofika na viboko. Abibo alivunjwa meno mawili palepale dukani, akafungwa gerezani bila kesi.

Wiki ya kwanza Chamima hakwenda kumwona. Ya pili alikwenda na wali wa nazi, akausukuma chini ya seng'enge bila salamu. Ya tatu alimwambia, "Kula. Umekonda vibaya." Akaendelea kwenda kila Ijumaa.

Mwezi Septemba vita vilisimama, milango ya gereza ikafunguliwa. Chamima alikuwa akimngoja njiani, juani, amevaa kapulana mpya nyekundu, uso ameukunja.

"Bado una hasira?" Abibo aliuliza.

"Sana. Verónica hajafufuka."

"Na mimi bado nasema mafuta yataisha siku moja."

"Yaishe! Lakini nyumbani kwangu hatadanganywa mtu."

"Nyumbani kwako?"

"Mlete mjomba wako Ijumaa kwa mama. Aje na posa."

"Ukiwa umenuna hivi?"

"Hivihivi. Hunitaki?"

Abibo alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Chamima hakucheka. Alimshika mkono kwa nguvu, akamvuta, wakaelekea mjini.