Weusi Nyuma ya Jina

Ule weusi ulipanda wenyewe. Mwongeli alikuwa ameuacha chini kabisa ya picha kwenye kompyuta, akainama kumpangusa mtoto kamasi, na alipoinua macho akauona umekwea, kama maji yanavyokwea kwenye leso iliyochovya pindo ndani ya karai.

"Labda niligusa mausi," alijiambia, akaurudisha chini.

Studio ya Wangui ilikuwa nyuma ya duka la hadiwea pale Tala, chumba kimoja chenye pazia la maua, na Mwongeli ndiye aliyekuwa mhariri wa video humo, harusi kidogo, matanga mengi. Siku hiyo ilikuwa kazi ya marehemu Mutunga wa Ndithini. Familia ilitaka jina lake litokee mwanzoni kwa maandishi meupe, lakini picha waliyochagua mzee amesimama mbele ya magunia meupe ya mahindi, na nyeupe juu ya nyeupe nani ataisoma?

"Mama Kalondu, kwani tunamficha marehemu?" Wangui alimcheka akichungulia begani pake. "Weka shepu ya mstatili nyuma ya maandishi. Chini ikuwe nyeusi kabisa, halafu ififie ikipanda, isimfunike mzee uso."

"Nimeweka, madam. Nangoja jina. Bado wanabishana kama la ubatizo ndilo litangulie."

"Si uandike lolote upime? Utabadilisha."

Akaandika lililokuwa karibu, lililokuwa mapajani pake likitafuna kamba ya kanga. KALONDU. Herufi zikakaa vizuri juu ya ule mstatili, chini mweusi tii, katikati kama moshi, juu hakuna kitu. Zilipendeza. Mwongeli alitabasamu hata, haki ya Mungu alitabasamu. Kisha jina la mzee likaja kwa simu, akafuta la mtoto, akaandika la mzee, na video ikaenda zake Ndithini, na mzee akazikwa.

Miguu ya Kalondu ikaanza kuwa baridi.

Jua la Tala la saa sita, lile la kuyeyusha lami, na miguu ya mtoto baridi kama imetoka kisimani. Mwongeli akamvalisha soksi. Akamvalisha mbili mbili. Akampiga picha amekaa kwenye mkeka uani, akamtumia Kimanzi, baba wa mtoto, aliyekuwa kazini Mavoko, na Kimanzi akauliza, mbona unampiga mtoto picha gizani?

Gizani wapi? Aliitazama picha tena. Kamba ya nguo inang'aa, ukuta unang'aa, kuku wa jirani anang'aa, ila miguuni pa mtoto kuna weusi, mzito kwenye nyayo, kisha kama moshi, kisha magotini haupo. Akapiga nyingine. Akampeleka barabarani, katikati ya jua, akapiga tena, na weusi ulikuwa umefika mapajani, na mtoto alikuwa halii, hachezi, anatazama tu nyuma ya mama yake kama mtu anayemsikiliza anayemwita.

Kliniki wakasema mtoto hana kitu. Pasta akamwekea mikono, akamkemea jini kwa sauti iliyowatoa watu madukani, maana siku hizi kila mtu ana habari za majini yanayonunuliwa Mombasa na kulishwa watoto wa watu. "Umekosana na nani?" waumini walimnong'oneza. Hakukosana na mtu. Jioni baridi ilikuwa imefika kiunoni.

Asubuhi alirudi studioni na mtoto mgongoni, akafungua ile kazi, akaufuta mstatili. Ukatoweka. Akashusha pumzi. Akafungua tena kuhakikisha, na hapo stima ikapotea, kompyuta ikazima, feni ikazima, mashine ya kukata mabati kule mbele ikanyamaza, na katika ule ukimya ndipo aliposikia spika ndogo za mezani, spika zisizo na moto wowote, zikitoa sauti ya kunyonya, polepole, ile sauti ya mtoto aliyelala huku ananyonya, anameza, anapumua kwa pua, anameza, na chumba kizima kikanuka udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi, ilhali mvua Tala haijaonekana tangu mahindi yakauke.

"Unasikia?" alinong'ona.

Wangui alikuwa ameshikilia pazia. "Ni wako. Ni mtoto wako ananyonya."

"Wangu yuko mgongoni, madam."

Wangui akatazama mgongo wa Mwongeli, akatazama chini ya meza, akatoka nje bila viatu.

Mwongeli hakujua pa kwenda tena isipokuwa kwa mama mkwe wake, Nzembi, kule Ekalakala. Alimweleza yote kwa mkupuo mmoja, video ya marehemu, picha, soksi, pasta, spika, na yule mama akawa anasikiliza huku akisugua nyayo za mjukuu, na mwisho akauliza jambo moja tu.

"Mwana wakwa, mzee alipokuwa hajaandikwa, pale uliandika nani?"

Mwongeli akamtazama mtoto.

"Nilifuta, mwaitu, mama yangu. Nilifuta kabla haijaenda."

"Ulifuta maandishi. Mahali je? Ulipatengeneza mahali pa maiti, ukapapamba, ukamwita mtoto akae." Nzembi hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. "Sisi mtoto akizaliwa ni wa aimu, wa wale walio chini. Si mtu bado. Jina ndilo tunamtoa nalo kwao. Nawe ukawarudishia mkononi."

"Sasa tufanye nini?"

"Tunamtoa tena. Kwa jina lingine."

Akamvika mtoto bangili ndogo ya chuma, kama alivyovikwa siku alipopewa jina la kwanza, akamkamua Mwongeli maziwa kidogo yakadondoka udongoni, akamwinua mtoto juani akamwita Wanza. Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia, kilio cha hasira, cha njaa, kilio kitamu kuliko wimbo wowote, na miguu ikapata joto mkononi mwa mama yake.

"Lile la zamani mmewaachia," Nzembi alisema. "Mtu asilitamke. Likiitwa, litaitikiwa."

Lakini nani atawanyamazisha watu wa Tala? Mwongeli alipita kwa mama mboga, kwa vijana wa boda boda, kwa fundi viatu, akiwaomba, niiteni Mama Wanza, tafadhali, Mama Wanza.

"Eh! Unabadilisha mtoto jina kama laini ya simu?" mama mboga akacheka. "Sawa, Mama Kalondu."

Mwongeli akaziba masikio, akakimbia.

Alirudi kazini kwa sababu kazi nyingine hakuwa nayo. Ilikuwa asubuhi, mlango wazi, jua limeingia hadi katikati ya sakafu, Wanza amelala mgongoni, ana joto, anakoroma kidogo. Wangui alikuwa ameapa kwa Biblia kwamba hatakosea. Alikosea kwa sababu alikuwa na haraka, kwa sababu mteja alikuwa amesimama mlangoni, kwa sababu ulimi hufuata njia uliyoizoea.

"Mama Kalondu! Kuja kidogo!"

Mwongeli hakuwahi kuitika. Chini ya meza, pale ambapo weusi ulikuwa mzito sakafuni na kufifia ukipanda kwenye magoti yake, sauti ndogo ya mtoto ambaye hajajua kuongea iliita, "Mama."

Wanza aliendelea kukoroma mgongoni. Na Mwongeli, amekaa wima, mikono imeganda juu ya meza, alihisi matiti yakijaa, yakiuma, na maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, yakalowesha blauzi, yakadondoka tone kwa tone kule chini, na hakuna tone lililosikika likigonga sakafu.